Siku Babu Barafu Alipokatwa

Jana jioni kitinda mimba wangu alikuwa anafyonza barafu ya ubuyu, midomo myekundu kama kaipaka rangi. Akaitoa mdomoni, akaigeuzageuza.

"Baba, hivi barafu inaweza kubeba mtu?"

Mama yake akamwambia amalize kabla haijamchuruzikia gauni la shule. Mimi mkononi nilikuwa na karatasi ya majina ya watoto ninaowafundisha mpira kila Jumamosi. Nahangaika kuchagua: majina 26, jezi 18, na siku nne zimebaki. Swali lile likanitoa hapa Nkuhungu, Dodoma, likanipeleka mtaa wa Chang'ombe, Februari 2005, kwenye baraza la duka la Mangi.

Babu Barafu alikuwa Mkanada, mchimba visima. Siku za kazi yuko vijiji vya Bahi anatafuta maji, ambayo mara nyingi yakipatikana yana chumvi. Jumamosi anarudi mjini na vumbi mpaka kwenye kope, anakaa kwa Mangi na soda ya tangawizi, anatutazama tukicheza. Siku moja akaweka chupa chini, akaja akajipa ukocha. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkatalia mzee.

Mpira wa miguu hakuujua. Alichocheza ujanani ni magongo ya barafuni, watu sita kila upande pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20, viatu vina vyuma vyenye makali kwa chini. Alituambia mwaka ule ligi kubwa ya kwao ilifutwa msimu mzima, wenye timu na wachezaji wanagombana juu ya ukomo wa mishahara, kwa hiyo hakukuwa na cha kumrudisha nyumbani haraka. Tukaona ni utani. Ligi nzima ifutwe kwa mishahara? Sisi tulikuwa tunachezea kreti ya soda.

Balaa lake lilikuwa sabu. Kwao mtu anakimbia kwa nguvu zote chini ya dakika moja, anatoka, mwenzake anaingia, mpira haujasimama wala mwamuzi hajapuliza. Akataka na sisi tufanye hivyo. Sasa kwetu kutolewa ni kutangaziwa kwamba umeboronga. Winga wetu aliitwa nje dakika ya pili, akavua jezi, akaitupa chini, akaenda kwao moja kwa moja.

Ndiyo maana wiki iliyofuata akatuita barazani kabla ya mazoezi. Winga naye alikuja, akasimama mbali kidogo, ameegemea mkungu. Mzee akamwomba Mangi afungue friza. Chini ya soda akatoa kitu cheusi cha mviringo, kimeota ukungu mweupe wa baridi. Tukakipokea kwa zamu. Ndicho kwao kinachopigwa kwa magongo: kisahani cha mpira mgumu, upana wake na unene kama kitumbua kilichoiva vizuri, uzito gramu kama 170. Kinagandishwa, akasema, ili kisidunde. Akainama akakisukuma kwenye sakafu ya saruji, kikateleza fyuu, kimya, mpaka kwenye mguu wa benchi. Tukakisukuma, tukagombania. Baada ya dakika kumi za jua la Dodoma ule ukungu ulikwisha, kikaanza kuruka ovyo, kikampiga kipa kwenye ugoko. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa, akaanza kusimulia.

Mkalimani mimi. Kidato cha tatu, mwenye B ya Kiingereza. Wengine walikuwa na D na heshima zao.

Akasema alicheza miaka 9, ligi ndogo, ile kubwa hakuigusa. Neno alilotumia kwa "ndogo" mimi nilifundishwa darasani kwamba ni mtu asiyetimiza miaka 18. Nikageukia wenzangu: "Anasema amecheza ligi ya watoto miaka 9."

Kipa akauliza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu, ulikuwa na umri gani ulipomaliza?"

"Thelathini na moja."

Watu wakauma ngumi wasicheke. Mangi alishindwa, akaingia ndani.

Mzee hakujali, akaendelea. Asubuhi moja, msimu unakaribia kuanza, alifika uwanjani akakuta wamemkata. Leo ningesema wamemwacha, ndivyo tunavyosema mchezaji akiondolewa kwenye usajili. Siku ile nilichukua neno la Kiingereza nikalitua kama lilivyo.

"Wakamkata."

Kicheko kikafa. Mzee alikuwa na kovu refu kidevuni, limepinda kama mundu, na macho yote kumi na sita yakaenda pale.

"Kwa nini?" kipa akanong'ona. Kisha, "Kwa kitu gani?"

Nikamuuliza mzee: kwa kitu gani? Alifikiri kidogo, kama swali limemwingia kuliko nilivyokusudia. Akajibu kwamba ni kwa karatasi tu. Karatasi ukutani, na jina lake halimo.

Hapo nilijua nimeharibu. Niliona kabisa wapi pa kurudi kurekebisha. Lakini B yangu ilikuwa imenyanyua kichwa mbele ya kitaa kizima, na B hairudi nyuma. Nikasema, "Walimkata kwa karatasi."

Mungu anisamehe. Wenzangu wakainuka mmoja mmoja, wakampa mkono. Pole babu. Pole sana babu. Winga akatoka kule kwenye mkungu, akaja wa mwisho, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akauliza kwa Kiingereza chake cha D kama bado panauma.

Mzee alimwangalia muda mrefu. Akajibu kwamba wakati mwingine, ndiyo. Akageuka upande wa mlima Mlimwa, akatoa leso, akalaumu vumbi. Asubuhi ilikuwa imenyesha. Vumbi halikuwepo.

Mechi iliyofuata winga alitolewa mara sita, akatoka mara sita anakimbia. Tulifungwa tatu bila.

Yaliyobaki alinisimulia mimi peke yangu tukitembea. Timu iliyomwacha ilimwomba abaki awe msaidizi wa kocha, akakubali maana hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Msimu uliofuata karatasi ya majina aliibandika yeye. Alikwenda alfajiri, akaibandika, kisha akajificha kwenye chumba cha kunolea viatu mpaka aliposikia wote wameondoka. Nilimuuliza kama baadaye alizoea. Akaniuliza kama nina njaa.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma habari za Wayne Gretzky, ambaye kwenye magongo ya barafuni ni kama Pelé kwenye mpira wetu. Alistaafu 1999, kisha kuanzia 2005 akafundisha timu ya Phoenix, mji wa jangwani, misimu minne, na hakuifikisha hatua ya mtoano hata mara moja. Nilitamani kumwambia mzee. Sina anwani yake. Alipoondoka alimwachia Mangi salamu, na kwangu kile kitumbua cha tairi.

Binti yangu nilimwambia barafu inabeba mtu, hata lori, ikiwa nene. Akasema namdanganya. Nikakitoa kitumbua kabatini, nikakitia friza katikati ya barafu zake za ubuyu, nikamwahidi asubuhi nitamwonyesha kitu.

Usiku mama watoto akafungua friza. "Baba nanii, hiki kipande cha tairi humu ndani cha nini?"

Nilikuwa mezani na kalamu. Nilikuwa nimeandika majina 17, na la 18 nimelifuta mara tatu, karatasi imeanza kutoboka. Nikamwambia akiache kigande.