Nilivyozielewa tishu kwa kongoro, siki na mguu wa mbuzi

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, Morogoro, nilipata alama 9 kati ya 30 kwenye mtihani wa vitendo wa tishu, yaani makundi ya seli zinazofanya kazi pamoja mwilini. Nasema wazi kwa sababu ushauri ulionifikisha pale bado wanapewa wanafunzi wapya, na kila nikiusikia unaniudhi: "Kariri tu. Tishu ziko nne: epitheliamu, tishu unganishi, misuli na neva. Kariri picha, pita, sahau."

Nilikariri kwelikweli. Maabara kulikuwa na boksi moja la slaidi, vile vioo vyembamba vyenye kipande cha tishu, na kaka mmoja wa mwaka wa tatu alitugawia orodha aliyoachiwa na waliomtangulia. Slaidi yenye ufa kwenye kona ni koo la hewa. Yenye lebo iliyokwanguka ni kano. Yenye doa la wino ni msuli wa moyo. Usiku wa kuamkia mtihani niliweza kuzitaja zote 20 bila kuinamia hadubini. Asubuhi nikafika meza ya kwanza nikatafuta ufa. Hakuna ufa. Meza ya pili, hakuna doa. Boksi lilikuwa jingine kabisa, vioo vipya vinang'aa. Nikainama kwenye lenzi nikaona waridi na zambarau, nikahama meza nikaona waridi na zambarau tena. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba karibu slaidi zote za kufundishia hutiwa rangi mbili zilezile: hematoksilini inapaka viini vya seli rangi ya zambarau, eosini inapaka vilivyobaki waridi. Kutafuta tishu kwa rangi ni sawa na kumtafuta mwanao getini mwa shule kwa rangi ya sare.

Nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, wiki sita mbele.

Kilichoniokoa ni aya moja niliyoisoma maktaba. Daktari Mfaransa, Xavier Bichat, aliyefariki 1802 kabla hajatimiza miaka 31, alizigawa tishu za mwili katika aina 21 bila kutumia hadubini. Alichemsha, akakausha, akaozesha, akaloweka kwenye tindikali, akatazama kila kitu kinabadilikaje. Kuchemsha? Nikasema hilo hata mimi naliweza.

Jumamosi nikaenda buchani.

"Shikamoo anko."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie kilo ngapi?"

Nikamwambia nataka mguu wa nyuma wa mbuzi asiukatekate, moyo, utumbo kidogo ambao haujakwanguliwa, na kongoro moja la ng'ombe. Akauliza kama nina wageni. Nikamjibu nina mtihani. Bei siikumbuki vizuri, ila ilikula hela yangu ya chakula ya siku kama nne, na sehemu ya kongoro alinipunguzia.

Kabla sijaondoka nikamwonyesha vitu vitatu vyeupe vilivyojitokeza pajani, nikauliza ni nini. "Hiyo yote mishipa," akasema. Na ndivyo sote tunavyosema. Mgonjwa akikwambia mshipa unamuuma, anaweza kuwa anasema mshipa wa damu, neva, kano, hata ngiri. Nikakaa na ule mguu jikoni karibu saa nzima nikiitenganisha hiyo mishipa, na hiyo saa ndiyo iliyonifundisha kuliko muhula wote. Wa kwanza ulikuwa na tundu, ukiubonyeza unatoa damu nyeusi iliyoganda: mshipa wa damu. Wa pili haukuwa na tundu. Nilipoukwangua na ncha ya sindano ukafumuka nyuzi nyuzi laini, na ulipita katikati ya misuli bila kushikamana na mfupa: neva. Wa tatu ulimeta kama hariri, ukiuvuta kwato inakunja: kano. Neva inabeba taarifa, kano inabeba mvuto wa msuli kwenda kwenye mfupa. Ukishazivuta kwa mkono wako huzichanganyi tena.

Kongoro nikaliweka kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi hadi alasiri. Nyama ya mguu wa mbuzi niliyoitumbukiza humo ilijikunja mapema. Kano zilikaa ngumu saa nyingi, halafu zikalegea, na mchuzi ulipopoa ukaganda ukawa unatikisika sufuriani. Ile ni kolajeni iliyoyeyuka, kamba ya protini inayoshikilia tishu unganishi. Mwili unahitaji vitamini C kuisuka kolajeni imara, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokosa matunda miezi mingi walitoka damu kwenye fizi na makovu yao ya zamani yakafumuka.

Jaribio ninaloringia zaidi ni la siki. Nilichukua mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja nikauzamisha kwenye chupa ya siki kwa wiki, nikibadilisha siki kila siku mbili (usipobadilisha inapoteza nguvu, utasubiri bure). Wa pili nikauchoma kwenye mkaa hadi ukawa mweupe. Wa siki ukatoka umelegea, nikaupinda pete isikatike. Wa mkaa ulikuwa na umbo lilelile la mfupa, lakini nilipoubana kwa vidole viwili ukawa unga. Siki imeondoa madini ya kalisi ikaacha kolajeni. Moto umechoma kolajeni ukaacha madini. Mfupa ni hivyo viwili pamoja. Nikaelewa kwa nini damu, mafuta, gegedu (ile laini kama ya sikioni) na mfupa vyote vinaitwa tishu unganishi ingawa havifanani hata kidogo: seli zake zimetawanyika ndani ya kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachoamua kazi. Kwenye damu ni majimaji, kwenye mfupa ni madini na kamba.

Epitheliamu ndiyo ilinisumbua, maana haishikiki. Kwenye utumbo ni ule utelezi wa ndani unaotoka kwa kisu. Ni utando wa seli zilizobanana bila nafasi, hauna mshipa wa damu hata mmoja, unalishwa na tishu iliyo chini yake. Ukijikwaruza bila kutoka damu, umeishia hapo. Panapopitishwa kitu, kama kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ni safu moja nyembamba. Panaposuguliwa, kama kwenye ngozi na umio, ni safu nyingi. Utando wa utumbo mwembamba hujibadilisha wote ndani ya siku chache.

Siku ya sapu niliacha kuuliza "hii ni rangi gani", nikauliza "hii inafanya kazi gani". Nyuzi ndefu zenye mistari na viini vingi pembeni: msuli wa kutembea. Zenye mistari lakini zinachipua matawi na kushikana: moyo. Seli zilizochongoka ncha mbili, hazina mistari: ukuta wa utumbo. Nikatoka na 26.

Miezi michache baadaye, nikiwa wodini mafunzoni, nilipewa bibi mmoja mwenye kidonda cha kulalia kiunoni. Ngozi ilishaisha, mafuta yameisha, msuli unaonekana. Kila safu niliijua kwa jina na kwa mkono. Tulimgeuza kila saa mbili, tukamsafisha, mwanawe akamletea mayai na maharage. Chini ya kidonda ikaota nyama nyekundu yenye punjepunje, tishu unganishi mpya iliyojaa mishipa midogo. Halafu asubuhi moja, nikibadilisha bendeji, nikaona ukingoni utando mwembamba wa waridi unaong'aa, upana wake haufiki punje ya mchele, unatambaa kuelekea katikati.

"Bibi, ngozi inarudi."

"Inatokea wapi, mjukuu wangu?"

"Pembeni, bibi. Inatambaa yenyewe."

Akaniomba nimletee kioo aione.