Siku moja maishani mwangu: jikoni kwenye mgahawa wa chai, Orkney

Saa kumi na moja alfajiri. Jua limeshatoka zamani. Mwezi Juni hapa Orkney, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti, linachomoza kwenye saa kumi na kuzama karibu saa nne na nusu usiku. Sisi watu wa Tanga tuliozoea jua na saa kwenda pamoja, huku tunategemea simu tu. Mgahawa ninaofanyia kazi ni mdogo, magharibi mwa kisiwa kikubwa kinachoitwa Mainland. Mwenyewe ni mama wa miaka sabini na ushee, na unga anaupima kwa kiganja.

Saa kumi na mbili. Chuma kinabandikwa motoni. Ni bamba zito la mviringo, lina mkono wa upinde juu kwa sababu zamani lilining'inizwa kwa mnyororo. Ukikiona utasema ni chuma cha chapati, na kazi yake haiko mbali na hiyo. Nyumba za wakulima hazikuwa na oveni. Miti ni ya kutafuta, kwa hiyo walichoma udongo wa kinamasi uliokatwa vipande na kukaushwa. Nafaka zilizostahimili upepo na baridi ya hapa ni shayiri na oti, na unga wake hauvutiki kama wa ngano. Ukitia hamira hupati mkate wa maana. Basi mikate ya asili ikawa bapa, ya kuchomwa juu ya chuma. Magadi soda yalipoenea karne ya 19 ndipo ilipoanza kuumuka kidogo.

Mkate wenyewe unaitwa bannock, na shayiri yake ni bere, aina ya kale sana. Inapandwa mwezi Mei, inakua mbio kwa sababu mchana ni mrefu, na ndani ya siku 90 hivi inakaribia kuvunwa. Bado inasagwa Barony Mill huko Birsay, kinu cha mwaka 1873 kinachozungushwa na maji. Unga una rangi ya kijivu na kahawia, na ladha ya udongo kidogo, ya kokwa, ya nafaka iliyokaushwa kwenye tanuri. Mimi naupenda. Wapo wageni wanaong'ata mara moja na kuuacha.

Tunachanganya unga wa bere na wa ngano kidogo, chumvi, magadi soda, kisha mtindi. Hapo lazima uwe mwepesi, kwani mtindi ukishakutana na magadi, mapovu hayakungoji. Wala hukandi! Mkono uliofundwa kwa chapati unajizuia kwa shida. Unasukuma duara nene kama kidole, unanyunyiza unga kwenye chuma; ukigeuka kahawia taratibu, moto umefika. Mkate unageuzwa mara moja tu, kisha unafunikwa kitambaa ubaki laini.

Saa tatu. Vyombo, meza, maua. Hakuna la kusimulia.

Saa nne na nusu. Mabasi ya watalii yanafika kutoka bandari ya Kirkwall, meli kubwa imetia nanga. Wote wanataka skoni, vimkate vidogo vya kuoka, kwa jemu na krimu. Wenyeji wanaojificha pembeni wanaagiza bannock kwa siagi na jibini nyeupe ya nyumbani. Ukiniuliza, wao ndio wanaokula vizuri.

Saa saba. Chakula cha mchana ni clapshot: viazi na turnipu ya manjano vilivyopondwa pamoja kwa siagi na pilipili manga. Siku nyingine tunapata nyama ya kondoo wa North Ronaldsay, wale wanaoishi ufukweni wakila mwani, kwa sababu ukuta wa mawe unaozunguka kisiwa unawazuia kuingia mashambani. Mwani ambao Zanzibar watu wanaulima wauze, huku kondoo wanajilia bure.

Saa tisa. Tunachoma fatty cutties, vipande vya unga, siagi, sukari na zabibu kavu, navyo juu ya chuma kilekile. Jirani anaingia bila hodi. Haulizwi kama atakunywa chai. Anawekewa, pamoja na vitu vitatu vinne vya kutafuna, na akila kimoja tu mwenye nyumba ananuna.

Saa kumi na moja jioni. Tanga ni saa moja usiku. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Namwelezea mkate wa shayiri. Anasikiliza, kisha anauliza, "Na nazi hawatii?" Namwambia hawatii. "Basi watie," anasema, na kuhamia habari za mahari ya binamu yangu.

Saa mbili. Tunafunga. Mama mwenye mgahawa anasema kesho nijaribu tui badala ya mtindi, lakini nisimwambie jirani.