Paka wetu na honi ya mzee wa sato

Jamani huyu paka wetu kanirudisha darasani. Hapa Kirumba kuna mzee anapita asubuhi na baiskeli anauza sato, ana ile honi ya mpira, paa paa, na mama akinunua lazima matumbo yaende kwa paka, basi siku hizi honi ikilia tu huko mbali paka anaruka toka kwenye kochi mpaka getini, analamba midomo, na harufu yenyewe ya samaki bado haijafika.

Ndo nikamkumbuka Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi wa mbwa. Kinachonifurahisha kwake ni kwamba alianzia kwenye mmeng'enyo wa chakula, na Nobel ya 1904 alipewa kwa hiyo, sasa mbwa wake wakawa wanatokwa mate hata kabla hawajapewa kitu, wakisikia tu hatua za mtu anayewalisha. Mwingine angeona wanamvurugia kazi. Yeye akakomaa na hilo hilo miaka na miaka, akatumia mpaka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, tik tik tik afu chakula, baadae tik tik peke yake mate yanatoka.

Utamu sasa. Mzee wa sato alienda msibani Sengerema, na wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani kanunuliwa honi kama ile! Siku ya kwanza paka kakimbia getini mpaka kachoka, kesho yake anatembea tu, siku ya nne hata sikio hainui. Nikajua basi, imeisha. Mtoto akaenda Ukerewe kwa bibi yake, kukawa kimya siku kadhaa, afu mzee akarudi, paa moja tu, paka huyoo! Na Pavlov aliliona hili, ukipiga mlio bila chakula mate yanakata, ukiacha muda kidogo ukapiga tena yanarudi, maana mnyama hajasahau, kajizuia tu.

Na wale panya buku wa APOPO, lile shirika linalofundisha panya pale Morogoro, wanaanzia hapo hapo, mlio wa klik afu chakula, mpaka klik yenyewe inakuwa tamu, ndo wafundishwe kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa Tanzania, akafanya hiyo kazi Kambodia mpaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Panya!

Leo mama alikuwa hataki kununua, ndani kuna dagaa. Nimemwomba achukue hata sato mmoja, paka alishafika getini.