Kikulacho ki nguoni mwako: tafakari ya juma

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tunasoma kuanzia 1 Wafalme 15 hadi 2 Wafalme 15. Ni sura 23, kwa hiyo tatu au nne kwa siku zinatosha. Shikeni penseli. Kila mfalme wa Israeli anapouawa, andika pembeni mambo manne: aliyemuua ni nani, alikuwa na kazi gani kwake, ilikuwa wapi, na muuaji mwenyewe aliishia vipi.

Kinachowachanganya wengi ni majina. Kuna Yoramu wawili waliotawala karibu wakati mmoja, Ahazia wawili, Yoashi wawili na Yeroboamu wawili. Weka herufi I kwa wa Israeli, ufalme wa kaskazini, na Y kwa wa Yuda, ule wa kusini (Yeroboamu wote wawili ni wa Israeli, hao wape 1 na 2), la sivyo kufika Jumatano umemzika mtu mara mbili.

Wafalme wa Israeli, tangu Yeroboamu wa kwanza hadi Hoshea, ni 19. Waliouawa na watu wao ni 7: Nadabu, Ela, Yoramu, Zekaria, Shalumu, Pekahia na Peka. Zimri hayumo, maana alipozingirwa na Omri aliichoma nyumba ya mfalme akiwa ndani. Alikuwa ametawala siku 7. Ahabu naye alikufa vitani kwa mshale wa mtu aliyevuta upinde bila hata kumlenga.

Sasa tazameni safu ya kazi. Zimri alikuwa mkuu wa nusu ya magari ya Ela, na alimuua Ela amelewa. Yehu alikuwa jemadari wa Yoramu. Peka alikuwa akida wa Pekahia, akamwingilia na Wagileadi 50. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika 2 Wafalme 8:15 methali hiyo inakuwa jambo la kushikika kwa mkono: Hazaeli anachovya tandiko majini, anamfunika nalo uso bwana wake mgonjwa, Ben-hadadi wa Shamu, hata anakata roho. Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Fumo Liyongo hakuna silaha iliyomweza mpaka mfalme wa Pate alipomghilibu mwanawe kwa ahadi ya kuozwa binti yake, na mwana akamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba, amelala.

Safu ya nne, ya mwisho wa muuaji, ndiyo ngumu, na ndiyo wengi huiruka. Someni 1 Wafalme 16:7 polepole. Nabii Ahia alikuwa ametabiri kwamba nyumba ya Yeroboamu itafagiliwa mbali (14:10), na Baasha, aliyemuua Nadabu, akaifagia. Bado neno linamjia Baasha kwa sababu mbili: alifanya maovu kama nyumba ile, na tena aliiua. Unabii ulimtangulia, lakini haukumpa ruhusa. Kwa Yehu ni zaidi, maana yeye alitiwa mafuta na kuamriwa wazi, akaahidiwa wana hadi kizazi cha nne (2 Wafalme 10:30). Hesabuni: Yehoahazi, Yoashi, Yeroboamu, Zekaria. Huyo wa nne alitawala miezi 6, akapigwa na Shalumu mbele ya watu. Shalumu akakaa mwezi mmoja, akauawa na Menahemu. Halafu fungueni Hosea 1:4, mwone damu ya Yezreeli, mahali Yehu alipomuua Yoramu, inadaiwa kwa nani. (Wako wanaomtaja Yehu kila wakitaka kumng'oa mwenyekiti wa kwaya. Wasome na Hosea.)

Hapa Mombasa tukipita Ngomeni (Fort Jesus) huwakumbuka Wakristo waliouawa Agosti 1631 kwa amri ya Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye alibatizwa Goa, makao ya Wareno huko India, akaitwa Jeronimo, akarudishwa kutawala mwaka 1626. Tunawakumbuka, na ni haki yao. Ila tukisimulia kisa hicho huwa tunaanzia 1631. Anzieni 1614, pale babake, Sultani Hasan, alipouawa kwa hila ya Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto akachukuliwa kwenda kulelewa Goa hiyo hiyo. Wajazieni na Wareno safu ya nne, kwa penseli ile ile.

Jumamosi rudini nyuma, 1 Samueli 24 na 26. Aliye juu mngoje chini, na Daudi alingoja kwelikweli. Mara ya kwanza, pangoni En-gedi, alikata upindo wa vazi la mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda, basi, na hata huo ukamchoma moyo. Mara ya pili alimkuta amelala, mkuki umechomekwa chini karibu na kichwa. Abishai, aliyefuatana naye, akaomba ampige mara moja tu, hatarudia. Daudi akakataa, akauchukua mkuki na gudulia la maji. Baadaye aliita kijana mmoja avuke aje auchukue mkuki. Gudulia halitajwi tena.