Jua, Mvua na Ukuta: Kusoma Majengo ya Jinja na Kampala

Ukipita Main Street ya Jinja, usiishie kwenye milango ya maduka. Inua macho juu ya mabango. Kule juu, kwenye ukuta wa mbele unaoficha paa, Wahindi waliojenga maduka hayo waliandika mwaka na mara nyingi jina la familia, kwa herufi za plasta zilizojitokeza. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, lakini majina mengi bado yanasomeka.

Kisha teremsha macho hadi kwenye baraza, maana hapo ndipo penye akili ya jengo zima. Sakafu imeinuliwa kutoka usawa wa barabara ili maji ya mvua yasiingie dukani. Paa au ghorofa ya juu imetoka mbele na kukaa juu ya nguzo, hivyo ukuta wa duka haupigwi na jua wala mvua, na mpita njia anapata kivuli bila kununua kitu. Wenye maduka wakijenga hivyo mfululizo, mtaa mzima unapitika hata mvua ikinyesha. Mwenye duka mmoja akiziba sehemu yake kwa vyuma na vioo ili aongeze nafasi, anawarudisha watu wote barabarani kwenye magari. Huo ni uharibifu mkubwa kuliko rangi mbaya.

Jinja na Kampala ziko karibu kabisa na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, kwa hiyo paa ndilo linaloumia. Asubuhi na alasiri jua liko chini na linapiga kuta za mashariki na magharibi. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba yenye makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, Kampala, iliyojengwa mwaka 1882, ilijibu tatizo hilo kwa paa nene la nyasi linaloteremka hadi karibu na ardhi. Na hata jengo hilo halikubaki kama lilivyoanza: ukarabati wa 1938 uliingiza zege na chuma ndani yake, kabla ya moto ulioliteketeza Machi 2010. Wanaosema asili na usasa haviwezi kukaa pamoja wanalisahau hilo.

Usasa uliofikiriwa vizuri upo Kampala. Jengo la Makumbusho ya Uganda, lililochorwa na msanifu majengo Ernst May na kukamilika mwaka 1954, linapitisha hewa vizuri. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa 1959, una wavu wa zege mbele unaokata jua kabla halijafika ndani. Linganisha na ghorofa la vioo vitupu lililoelekea magharibi: ifikapo saa tisa alasiri mapazia yote yamefungwa, taa zinawaka mchana na viyoyozi havipumziki.

Kinachoyaua maduka ya zamani mara nyingi ni ukarabati. Kwaruza kiungo cha matofali, yaani kile kinachoyashikanisha, kwa msumari kabla fundi hajaanza. Kikimomonyoka kwa urahisi, huenda ni chokaa au udongo. Kikigoma, ni saruji. Ukuta wa chokaa ukipigwa plasta nzito ya saruji, unyevu uliomo hauna pa kutokea. Utaona unga mweupe wa chumvi, kisha plasta inavimba na kubanduka pamoja na uso wa tofali. Tumia chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, kwa tabaka nyembamba, na ulilinde kila tabaka lisikaushwe haraka na jua. Kama saruji haikwepeki, changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Malizia na rangi ya chokaa. Ya mafuta itafunga unyevu ndani.

Lakini usiguse plasta kabla ya kupanda juu. Nyuma ya ule ukuta wa mbele kuna mfereji uliofichika. Ukizibwa na majani, maji huteremka ndani ya ukuta, na doa huanza chini kidogo ya mwaka ulioandikwa. Usafishe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba. Bango nalo lifungwe chini ya herufi, misumari ikiingia kwenye viungo vya matofali, ambavyo ni rahisi kuziba baadaye.