Mwaka tuliotaka kupanda

Timu yetu ya mpira ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, haikuwa na deni kwa mtu. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo nililojivunia katika miaka niliyotunza daftari lake la hesabu. Tulicheza ngazi ya chini ya EUFLU, ile Entente inayosimamia ligi za mpira za mji wa Lubumbashi, na kila Jumapili hesabu zilikuwa zilezile: michango ya wanachama na viingilio vya uwanjani viliingia, kisha vikatoka kwa waamuzi, usafiri, maji na lisensi za wachezaji. Kilichobaki kilinunua mipira.

Katikati ya 2008 tukapata prezida mpya. Alikuwa akinunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa mikono upande wa Likasi na kuyauza kwa wenye tanuri. Mwezi wa saba, tani moja ya shaba ilipita dola 8,000 kwenye soko la London, na Katanga, jimbo letu la migodi, nzima ilikuwa mbioni. Malori yalijipanga hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Moïse Katumbi alikuwa gavana, na klabu yake ya Mazembe ilikuwa inapaa. Kila mtaa ulimtaka Katumbi wake. Sisi tuliamini tumempata.

“Makuta iko,” alituambia, yaani pesa ipo. “Mwaka huu tunapanda ngazi.”

Akaleta wachezaji kutoka Likasi na Kipushi, akawapangia nyumba, akawapa pesa ya kusaini, mshahara wa mwezi na primu ya kila ushindi. Vyote vilitoka mfukoni mwake. Kwa miezi michache mshahara wa kikosi ulizidi mapato yetu yote ya msimu uliotangulia. Mzee mmoja wa komite, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ndiye aliyeuliza swali lililonikaa moyoni: “Na wewe ukianguka, baba?” Alikumbusha kuwa Lupopo, klabu nyingine kubwa ya mji, walikuwa na kampuni ya reli nyuma yao, na kwamba Mazembe walipotwaa kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968 waliitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi. Kampuni nzima, alisema, si mfuko wa suruali ya mtu mmoja. Vijana walimzomea. Mimi nilimwona ana haki, na nilisema hivyo mbele ya wote.

Shaba ikaanza kushuka. Kufika Desemba tani ilikuwa karibu dola 3,000. Tanuri zikazimwa, wanunuzi wakafunga ofisi, wachimbaji wakarudi makwao. Wachezaji wetu walikuwa hawajalipwa miezi miwili, nasi tulikuwa wa pili kwenye msimamo.

Mkutano ulifanyika kwangu, uani, Jumapili baada ya misa. Prezida alikuja kwa miguu. Gari alikuwa ameliuza. Hakuzunguka maneno. Alisema hana kitu, akaomba radhi kwa wachezaji, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Namheshimu hadi leo kwa hilo. Kipa alikuwa amekuja na mkewe na mtoto mgongoni, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli.

Ndipo kapteni akasimama, akanigeukia. “Papa Mwalimu, tunabakisha mechi ine tu. Mukope.” Wengi wakapiga makofi. Mkopeshaji alikuwepo mtaani: ukichukua mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na hamsini, na dhamana ni hati ya kiwanja. Wajumbe wawili walikuwa tayari kutoa hati zao. Walisema tukipanda, viingilio vitalipa.

Nilifungua daftari nikasoma kwa sauti. Nilisoma kiingilio cha mechi yetu iliyojaza watu kuliko zote, nikakizidisha kwa mechi zote za nyumbani za ngazi ya juu, kana kwamba kila moja ingejaa vile. Nikatoa waamuzi, usafiri, mishahara. Deni lilibaki, na riba yake ilikuwa inakua kila mwezi. Nikawauliza wale wajumbe wawili watoto wao wangelala wapi. Kelele zikawa nyingi, kapteni akaniita adui wa timu. Kura zilipohesabiwa, mkopo ulikataliwa kwa tofauti ya mikono michache.

Waliotaka kuondoka tuliwapa barua za kuwaachia siku ileile. Mechi zilizobaki tulizicheza na vijana wa mtaa, na hatukupanda. Akina mama wa sokoni wakauza bukari (ugali) na samaki uwanjani ili tulipe mishahara iliyobaki, kidogo kidogo. Kipa alikuwa wa mwisho kusaini kwamba amepokea, mwaka uliofuata.

Kapteni tukikutana bado ananiambia tungepanda. Inawezekana kabisa, kile kilikuwa kikosi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona Katuba. Ila wajumbe wale wawili bado wanakaa kwenye viwanja vyao, na timu ingali inacheza kila Jumapili.