Kukagua IBAN: baki lazima liwe 1

IBAN ni namba ya kimataifa ya akaunti ya benki. Ondoa nafasi, geuza herufi ziwe kubwa, kisha pima urefu kwa nchi: Norway 15, Ujerumani 22, Oman 23. Hamishia alama nne za mwanzo mwishoni, A iwe 10 hadi Z iwe 35, gawanya kwa 97. Baki lazima liwe 1.

Wengi huteleza kwenye kugawanya. Herufi zikishageuzwa namba, IBAN ya Ujerumani hufikia tarakimu 24. Namba ya kawaida ya JavaScript, lugha ya programu za wavuti, hupoteza usahihi baada ya tarakimu 15 hivi, kimyakimya. Pita tarakimu mojamoja: baki mara 10, jumlisha tarakimu, chukua baki la 97.

Hata ikipita, akaunti yenyewe huenda haipo. Na tafadhali, fomu isimdai IBAN mwenye akaunti Kenya au Tanzania. Benki za huko haziitumii.